Saa za kompyuta kwenye mtandao mdogo: kila moja ijitafutie wakati, au zote zifuate moja?

Nilipoteza kazi ya asubuhi nzima kwa sababu ya dakika nne. Tulikuwa wawili tukihariri waraka mmoja, mimi kwenye Mac, mwenzangu kwenye laptopu ya Windows, na folda ya pamoja ikikaa kwenye kompyuta ya Linux iliyowekwa kona ya chumba. Programu ya kunakili mafaili ilikuwa na kanuni moja tu: faili lenye muda wa karibuni zaidi ndilo jipya. Mwenzangu alihifadhi lake 11:40, mimi nikahifadhi langu, lenye masahihisho yote, 11:42. Lakini saa ya laptopu yake ilikuwa mbele kwa dakika nne, kwa hiyo faili lake likagongwa muhuri wa 11:44. Programu ikalinganisha, ikaliona lake ndilo la mwisho, ikaliweka juu ya langu. Ilifanya ilivyoagizwa.

Ukiwa na kompyuta tatu, kumi au ishirini za mifumo tofauti, na hujui uziachie kila moja ijitafutie wakati kwenye intaneti au uweke seva yako ya saa, ulinganisho huu ni wako. Nitapima njia nne: kila kompyuta kuuliza intaneti yenyewe, kompyuta moja ya ndani kuwa kiongozi wa saa, domain ya Windows (mfumo wa kusimamia kompyuta na watumiaji wa ofisi kutoka mahali pamoja), na kipokezi cha GPS. Nimeacha PTP, itifaki ya saa yenye usahihi wa juu zaidi (IEEE 1588), kwa sababu manufaa yake halisi yanahitaji kadi za mtandao na swichi zinazogonga muhuri wa muda kwenye maunzi yenyewe, na mtandao mdogo wa kawaida hauna vifaa hivyo.

## Vigezo, na kwa nini nimeanza na kukubaliana

Saa ya kompyuta huhesabu mitetemo ya kristali ya kwatzi, na kristali hizo si sawa. Moja ikiwa na kosa la sehemu 20 kwa milioni, jambo la kawaida kabisa, saa itakosea kwa sekunde 1.7 kila siku, yaani kama sekunde 12 kwa wiki. Jirani yake anaweza kukosea kuelekea upande mwingine. Joto likibadilika, kosa nalo hubadilika. Kwa hiyo hakuna kompyuta inayobaki na saa sahihi kwa kuachwa tu. Kila moja inahitaji kurekebishwa tena na tena.

Urekebishaji huo hufanywa na NTP, itifaki ya kupatanisha saa za kompyuta iliyobuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, ambayo hati yake ya kwanza ilitoka mwaka 1985. Inapita kwenye poti 123 ya UDP. Kompyuta inatuma swali na kuandika muda wa kulituma. Seva inaandika muda wa kulipokea na wa kulijibu. Kompyuta inaandika muda jibu lilipofika. Kwa nyakati hizo nne inakadiria tofauti kati ya saa yake na ya seva, ikichukulia kwamba safari ya kwenda na ya kurudi zimechukua muda sawa. Hapo ndipo kosa linapoingia, kwa sababu njia za intaneti mara nyingi hazilingani. Kosa linalotokana na safari haliwezi kuzidi nusu ya muda wa kwenda na kurudi. Safari ikichukua milisekunde 200, unaweza kukosea hadi milisekunde 100. Ikichukua milisekunde 1, kosa haliwezi kupita nusu milisekunde. Zishike namba hizi mbili, maana tofauti kubwa kati ya njia ya kwanza na ya pili imejificha humo.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni kukubaliana: je, kompyuta zako zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe? Mafaili, logi (kumbukumbu za matukio zinazoandikwa na mashine), chelezo (nakala za akiba) na kuingia kwenye huduma hutegemea hilo kuliko kulingana na saa za maabara. Cha pili ni intaneti ikikatika. Cha tatu ni mifumo mchanganyiko, maana Windows, macOS na Linux kila moja ina tabia yake. Cha nne ni kazi ya kuitunza, si ya siku ya kwanza tu bali ya mwaka wa pili, aliyeweka mfumo akiwa ameshaondoka.

## Njia ya kwanza: kila kompyuta na intaneti yake

Hii ndiyo unayo tayari, hata kama hujawahi kuifikiria. Windows huuliza time.windows.com, Mac huuliza time.apple.com, na Linux nyingi hutumia programu ya systemd-timesyncd au chrony zikielekezwa kwa seva za umma za pool.ntp.org au za watengenezaji wa mfumo.

Kukubaliana. Kwa kawaida tofauti zitakuwa makumi ya milisekunde, na kwa kazi nyingi za ofisi hiyo inatosha kabisa. Shida iko kwenye ratiba za kuuliza. systemd-timesyncd huuliza kila baada ya sekunde 32 hadi 2,048. Windows isiyo kwenye domain, kwa mpangilio uliozoeleka miaka mingi, ilikuwa ikiuliza mara moja kwa wiki, yaani sekunde 604,800. Rudi kwenye zile sekunde 12 za kristali ya kawaida: Linux yako itakuwa ndani ya makumi ya milisekunde, na Windows yenye mpangilio huo iliyo pembeni yake itakuwa imepotea sekunde kadhaa kabla ya kuuliza tena. Zote mbili zinaonyesha kwamba zimeunganishwa na seva ya wakati, na zote mbili zinasema kweli.

Intaneti ikikatika. Kila kompyuta inarudi kwenye kristali yake, na zinaanza kuachana. Kwa saa chache hutaona kitu. Kwa wiki utaona.

Mifumo mchanganyiko. Hakuna kinachogombana, kwa kuwa hakuna kinachoongea na mwenzake. Jambo la kuangalia ni vyanzo kutofautiana. Baadhi ya seva, zikiwemo za Google, huieneza sekunde ya nyongeza (ile inayoongezwa mara chache ili saa ziendane na mzunguko wa dunia) kwa saa 24 badala ya kuiongeza kwa mara moja. Ukichanganya seva hizo na za kawaida, siku hiyo kompyuta zako zinaweza kupishana hadi nusu sekunde. Sekunde ya nyongeza ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa Desemba 2016, kwa hiyo si jambo la kila mwaka, lakini ni sababu tosha ya kuchagua upande mmoja na kubaki nao.

Kazi ya kuitunza. Karibu hakuna, na nasema hivyo kwa heshima. Kitu kisichohitaji mtunzaji kina thamani kubwa mahali pasipo na fundi.

Inamfaa nani. Nyumba, ofisi ndogo ambayo kila mtu hufanyia kazi kwenye huduma za mtandaoni, na laptopu zinazozunguka huku na huko. Ukiichagua, ifanyie jambo moja: punguza muda wa kuuliza kwenye Windows. Thamani inayohusika kwenye rejista ya Windows inaitwa SpecialPollInterval, na sekunde 3600 zinatosha. Laptopu ya mwenzangu ingekuwa na mpangilio huo, na huduma yake ya saa ikiwa hai, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

## Njia ya pili: kompyuta moja ya ndani iwe kiongozi wa saa

Unachagua mashine moja isiyozimwa, mara nyingi ile ya Linux inayotunza mafaili, au ruta kama ina uwezo huo. Inauliza intaneti, na nyingine zote zinaiuliza yenyewe. Kwenye Linux mimi hutumia chrony. Mistari inayobeba kazi yote ni michache:

```
pool pool.ntp.org iburst
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10
makestep 1.0 3
```

Wa kwanza unataja vyanzo vya nje. Neno `pool` linaleta seva kadhaa kwa mpigo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiwa na vyanzo viwili vikapingana, hakuna wa kuamua nani amepotea. Vikiwa vinne, mmoja anaweza kudanganya na bado wengine wakamkataa. Wa pili unaruhusu kompyuta za ndani kuuliza. Wa tatu ndio watu husahau: unaiambia seva iendelee kujibu hata ikiwa imepoteza intaneti. Wa nne unaruhusu saa irukishwe pale tu kosa linapozidi sekunde moja, na katika masahihisho matatu ya kwanza baada ya programu kuwaka. Baada ya hapo saa huvutwa kidogo kidogo, bila kurudi nyuma, na programu zinazoandika kwenye hifadhidata hazikuti sekunde ileile mara mbili.

Kukubaliana. Hapa ndipo njia hii inapong'aa. Safari ndani ya mtandao wa waya huchukua chini ya milisekunde moja, kwa hiyo kompyuta zinaweza kukubaliana kwa kiwango hicho hata kama seva yenyewe iko milisekunde 30 mbali na wakati wa dunia. Wi-Fi hupunguza ubora huo, lakini bado ni bora kuliko kila mmoja kusafiri kivyake.

Intaneti ikikatika. Ukitaka kuelewa kinachotokea, fungua seva na uandike `chronyc tracking`. Kati ya mistari inayotoka, uangalie ule wa Frequency. Kwenye seva yangu unasoma `14.3 ppm slow`: chrony imejifunza kwamba kristali ya mashine hii huchelewa kwa sehemu 14.3 kwa milioni, na inaifidia wakati wote. Namba hiyo huhifadhiwa kwenye faili la driftfile likiwa limewekwa kwenye mipangilio, kama usakinishaji wa kawaida ufanyavyo. Intaneti ikikatika, fidia inaendelea. Bila fidia, saa ingechelewa sekunde 1.2 kwa siku. Nayo ikiwepo, kinachobaki ni sehemu ndogo tu inayoletwa na joto. Na hata seva ikipotea kidogo, kompyuta zote zinapotea nayo pamoja, zikiendelea kukubaliana. Folda ya pamoja haitajua kwamba intaneti ilikatika.

Mifumo mchanganyiko. Linux na Mac ni rahisi: andika anwani ya seva mahali pa seva ya saa. Windows inataka amri mbili, ukiwa na mamlaka ya msimamizi:

```
w32tm /config /manualpeerlist:"192.168.1.10" /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync
```

Kisha uhakikishe kwa `w32tm /query /status`. Ukiona chanzo ni `Local CMOS Clock`, Windows haijaipata seva na inafuata kristali yake. Mara nyingi ni fayawoli ya seva iliyofunga poti 123. Usitegemee DHCP, huduma inayozigawia kompyuta anwani za mtandao, kuzipa kompyuta zote anwani ya seva ya saa. Chaguo namba 42 lipo kwa kazi hiyo hasa, lakini Windows hulipuuza.

Kazi ya kuitunza. Mchana mmoja wa kuweka, kisha ukaguzi wa mara kwa mara. Gharama ya kweli ni kwamba umetengeneza mahali pamoja pa kuharibikia: seva ikikosea, zote zinakosea. Ikizimwa, zinabaki bila kiongozi, na usipoandika popote kwamba kompyuta ile ya kona ndiyo saa ya ofisi, siku moja mtu ataichomoa kwa nia njema. Bandika karatasi juu yake. Nasema hivi bila mzaha.

Inamfaa nani. Mahali penye folda za pamoja, chelezo za kila usiku, kamera, au mtu anayesoma logi za mashine kadhaa kutafuta tatizo lilianzia wapi. Na popote intaneti isipoaminika.

## Njia ya tatu: domain ya Windows

Kama una domain ya Active Directory (ndilo jina la mfumo huo wa Windows), tayari una mfumo wa saa, upende usipende. Kompyuta za domain hufuata domain controller, yaani seva zinazoisimamia domain, na seva hizo humfuata mmoja wao mwenye jukumu la PDC emulator, nitakayemwita PDC. Sababu ni Kerberos, mfumo unaothibitisha utambulisho wa anayeingia: tofauti ya saa ikizidi dakika 5, kwa mpangilio wa kawaida, mtu hawezi kuingia, na ujumbe anaouona mara nyingi hautaji saa kabisa.

Kukubaliana. Windows kwa Windows ni vizuri. Tangu Windows Server 2016, Microsoft imeboresha huduma hii kiasi kwamba usahihi wa milisekunde moja unawezekana mazingira yakiwa mazuri.

Intaneti ikikatika. Zote zinabaki na PDC na kupotea pamoja naye, kama kwenye njia ya pili. Lakini PDC wengi hawajawahi kuelekezwa kwenye chanzo chochote cha nje. Domain nzima inakubaliana, na nzima iko dakika tatu nyuma ya dunia.

Mifumo mchanganyiko. Kuna kitendawili kimoja kilichowahi kunishika jioni nzima. Unaielekeza chrony kwa domain controller, `chronyc sources` inaonyesha vipimo vizuri tu, lakini seva haichaguliwi. Sababu ni kwamba Windows isiyo na chanzo cha nje hukiri kutojiamini kwa sekunde nyingi, na chrony, ambayo kikomo chake cha kawaida ni sekunde 3, inaikataa. Unaweza kuandika `maxdistance 16.0` kwenye chrony.conf na itakubali. Ila dawa halisi ni kumpa PDC chanzo kinachoaminika, hata kama ni ile Linux yako: PDC amfuate chrony, Windows zote zimfuate PDC, na Linux na Mac zimfuate chrony moja kwa moja. Usiziondoe Windows za domain kwenye mfumo wake ili kuzielekeza mojamoja kwingine. Utaondoka wewe, na atakayerithi hataelewa.

Kazi ya kuitunza. Ndogo, mradi umkumbuke PDC kila jukumu hilo linapohamishiwa mashine nyingine.

Inamfaa nani. Mwenye domain tayari. Kuanzisha domain kwa ajili ya saa peke yake ni kujenga ghorofa ili upate ngazi.

## Njia ya nne: kipokezi cha GPS

Kila setilaiti ya GPS imebeba saa za atomiki, na kipokezi kidogo kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi kinaweza kukupa chanzo cha saa kisichotegemea intaneti hata kidogo.

Kukubaliana. Seva yenyewe inaweza kufikia maikrosekunde, kwa sharti moja: kipokezi kiwe na waya wa PPS, ule unaotoa mpigo mmoja mwanzoni mwa kila sekunde. Wengi hununua kipokezi cha USB kinachotuma maandishi tu, wakidhani GPS ni GPS. Maandishi hayo hufika kwa kuchelewa mamia ya milisekunde, na ucheleweshaji wenyewe hauko thabiti. Bila PPS unaweza kuishia na saa mbaya kuliko ile ya intaneti. Na kwa kompyuta zinazoiuliza seva hiyo, kikomo kinabaki kilekile cha mtandao wa ndani.

Intaneti ikikatika. Haijali. Hii ndiyo sababu ya kuichagua.

Mifumo mchanganyiko. Sawa na njia ya pili, kwa kuwa kwa nje ni seva ya NTP kama nyingine.

Kazi ya kuitunza. Kubwa kuliko inavyoonekana. Antena inataka kuona anga. Kipokezi kilichowashwa bila kumbukumbu kinaweza kuhitaji dakika 12 na nusu kupokea taarifa kamili za setilaiti. Na vipokezi vya zamani vina hesabu ya wiki inayoishia 1,024 kisha kuanza upya. Ilijirudia Aprili 2019, na vile visivyosasishwa vikarudi nyuma karibu miaka 20. Kwa hiyo hata ukiwa na GPS, ipe seva vyanzo viwili vitatu vya intaneti vya kuisahihisha pale inapopatikana.

Inamfaa nani. Kituo cha vipimo, mahali pasipo intaneti ya kudumu, au mtandao uliofungwa makusudi usitoke nje.

## Mambo yanayoonekana kama tatizo la saa, kumbe sivyo

Kompyuta ikikosea kwa saa kamili, mbili au tatu bila dakika za ziada, usiguse NTP. NTP hubeba UTC, wakati wa marejeo wa dunia, peke yake. Ukanda wa saa ni mpangilio wa kila mashine. Ikiwa mashine ina Windows na Linux pamoja na saa inavurugika kila unapohama, ni kwa sababu Windows huandika saa ya mahali kwenye saa ya ubao (ile inayoendeshwa na betri mashine ikizimwa), na Linux huandika UTC. Iambie mmoja amfuate mwenzake, yatosha.

Na kompyuta ya Windows inayowaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita ina betri iliyokufa kwenye ubao. Huenda ikakataa kabisa kurekebishwa, kwa sababu Windows isiyo kwenye domain haikubali masahihisho yanayozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Weka tarehe kwa mkono kwanza, badilisha betri, kisha uiache NTP ifanye kazi yake.

## Uchague vipi kwa hali yako

Kama kompyuta zako hazishirikiani mafaili na intaneti ipo muda wote, baki na njia ya kwanza na ufupishe muda wa kuuliza kwenye Windows. Usijitwishe seva usiyoihitaji.

Kama mna folda ya pamoja, chelezo zinazolinganisha muda wa mafaili, au mashine inayoandika logi zinazosomwa pamoja na za nyingine, nenda njia ya pili. Ruta yako ikiweza kuwa seva ya NTP, anza nayo. Ikiwa haionyeshi inamfuata nani wala imepotea kiasi gani, hamia kwenye chrony.

Kama kuna domain, iache domain itawale Windows, kisha uhakikishe PDC ana chanzo cha nje. Andika `w32tm /query /source` juu yake leo hii, kabla hujasoma kitu kingine chochote.

Kama intaneti hukatika kwa siku nzima, njia ya pili ikiwa na `local stratum 10` itakuvusha. Ikikatika kwa wiki na mnahitaji wakati wa kweli, si kukubaliana tu, hapo ndipo GPS yenye PPS inapolipa.

Na kama una laptopu zinazotoka na kurudi, zipe seva ya ndani kwanza na ya nje ya pili. Kwa Windows ni anwani mbili ndani ya alama zilezile za nukuu, zikitenganishwa kwa nafasi, ya nje ikiwa na `,0x2` mwishoni ili itumike pale tu ya kwanza isipopatikana. Laptopu ya mwenzangu imewekwa hivyo sasa, na kila Jumatatu bado naikagua.